Marehemu Hapigwi

Mdogo wangu alikuwa mtu wa kupiga. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu wa kumlilia kama malaika. Alipiga ng'ombe, alipiga mbwa, alimpiga mke wake wa kwanza mpaka mwanamke akarudi kwao na vidonda. Enzi za ujana wake alikuwa sungusungu, mlinzi wa kijiji mwenye rungu na filimbi, na kila palipokuwa na mwizi wa kupigwa yeye alifika wa kwanza. Nilimpenda hivyo hivyo. Katika tumbo la mama yetu tulibaki wawili, mimi dada mtu wa kwanza na yeye wa mwisho, na katikati yetu ni makaburi tu.

Kwa hiyo tumbo lake lilipoanza kuvimba na macho yake kugeuka manjano, sikushangaa kwamba kabla ya kutafuta dawa alitafuta mtu wa kumpiga.

Mtu mwenyewe alikuwa karibu. Shangazi yetu, dada wa baba, aliishi nyuma ya mabani yetu ya kukaushia tumbaku, kijijini kwetu, ukiiacha Urambo na kuelekea Usinge. Ndiye aliyetulea baada ya mama kufa. Miaka yote alichochea moto wa mabani, moshi ukayala macho yake yakabaki mekundu masika na kiangazi. Kwetu huku bibi kizee mwenye macho mekundu hahitaji mashahidi. Hukumu yake anaibeba usoni, anasubiriwa mgonjwa tu apatikane.

Mimi sikuwapo. Nashona nguo Tabora mjini, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mwenye subira na mke asiyekuwa nayo, na habari za kijijini hunifikia kwa simu zikiwa zimeshachacha. Niliambiwa mdogo wangu ana homa. Nikaambiwa ni bandama. Mwishowe nikaambiwa amekwenda kwa mganga, na mganga amemwambia kwamba aliyemtenda ni mwanamke wa damu yake, na mkono wa mwanamke huyo uliwahi kugusa damu yake. Nilitoa matusi ambayo mke wa Mhindi hajayasahau mpaka leo. Nikafunika cherehani, nikaenda kumchukua.

Hakutaka kuja. Nilimkuta amekaa uani kwenye kigoda, miguu imevimba, mikono imekonda, tumbo liko mbele yake kama mtungi. Nilipomshika mkono alinisukuma nikaangukia mafiga. Nikainuka nikamzaba kofi. Ndiyo, nilimpiga mgonjwa. Katika nyumba yetu upendo haukuwahi kuwa na adabu. Wanawe wawili wakubwa walikuja mbio, nami nikadhani watanitoa nje, kumbe walimbeba baba yao wakampakia kwenye gari nililokodi, naye anawalaani njia nzima ya kutoka uani.

Shangazi alisimama mlangoni kwake, kitenge amekifunga kifuani, hakuthubutu kusogea.

"Nenda naye salama, mwanangu," aliniambia kwa mbali.

Mdogo wangu akatema mate upande wake.

Hospitalini Tabora walimtoboa ubavuni wakatoa maji, yakajaza ndoo, na tumbo likashuka likabaki limelegea. Kesho yake alipoletewa uji usio na chumvi aliupiga teke. Wauguzi walimwogopa. Daktari wake hakumwogopa. Alikuwa binti mdogo, sauti ya chini, mkaidi kuliko sisi sote wawili. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda na kusema jambo lenyewe bila kulizunguka.

"Ni homa ya ini, baba, aina ya B. Inaletwa na virusi. Umekaa navyo tangu utotoni."

"Utotoni sikuwahi kuugua."

"Ndiyo shida yenyewe."

Akaeleza, na mimi nilisikiliza kwa niaba ya wawili, maana mdogo wangu alikuwa anatazama dari. Alisema virusi hivi vyenyewe havili ini. Vinaingia ndani ya seli za ini, vinajifungia humo, vinatumia vyombo vya mwenye nyumba kujizalisha, na seli inaendelea na kazi yake. Anayeliua ini ni mwili wenyewe. Mwili una askari wake ndani ya damu, na kazi yao ni kumtambua mgeni na kumuua. Sasa mgeni akishajificha ndani ya seli, askari hawana njia ya kumtoa nje. Wanaivunja seli pamoja naye. Wakivunja chache, ini linaota upya. Wakivunja leo, na kesho, na mwakani, na miaka nenda miaka rudi, panakuja kovu juu ya kovu, ini linakuwa gumu, damu inakosa pa kupita, maji yanamwagikia tumboni na mishipa ya kooni inatuna mpaka siku ipasuke.

"Yaani mwili wangu ndio unaniua?" mdogo wangu aliuliza.

"Mwili wako unajitetea, baba."

Alicheka. Kicheko kile sikukipenda.

Mimi nilielewa upesi kuliko nilivyotaka, kwa sababu niliwahi kuona. Nikiwa msichana, sungusungu walimfukuza mwizi wa ng'ombe akakimbilia katika nyumba ya jirani yetu. Waliizingira wakipuliza filimbi. Wenye nyumba walipiga kelele kwamba na wao wamo ndani, kuna watoto, kuna mgonjwa. Nyasi za paa zikawashwa. Mwizi alitoka akaponda-pondwa kichwa pale pale kwenye majivu, na mama wa nyumba ile alitoka ngozi ya mgongo ikining'inia. Wiki iliyofuata wakashuku nyumba nyingine. Wizi ulikwisha, hilo sikatai. Lakini upande ule wa kijiji ulibaki kuta nyeusi, hakuna aliyejenga tena, na mpaka leo maji ya mvua yakishuka yanapita pale kwa nguvu na kubomoa mashamba ya chini.

Daktari alitaka na mimi nipimwe kwa kuwa tulilelewa pamoja. Majibu yalipotoka aliniita pembeni, kisha akabadili mawazo akaniambia pale pale kitandani, mbele ya ndugu yangu.

"Mama, na wewe virusi viliwahi kukuingia. Ukavishinda. Kinga dhidi ya virusi hivyo imo kwenye damu yako."

Nikakumbuka. Nilikuwa msichana wa kuchota maji na kubeba ndoo kichwani, nikaugua nikalala. Mkojo ulikuwa mweusi, macho manjano, natapika mpaka nyongo. Shangazi alinichemshia mizizi michungu akanishika taya ninywe. Nilichimbiwa kaburi katika mazungumzo ya watu wazima, niliwasikia. Na mdogo wangu siku zile zile, ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno, alikuwa akikimbiza kuku uani na kula chakula changu.

Ndivyo inavyokuwa, alisema daktari. Askari wangu walikuwa wamekwisha komaa. Walimwona mgeni, wakapiga vita mara moja, na ile homa na yale manjano ndiyo vita yenyewe. Askari wa mtoto mchanga au mdogo bado wanajifunza nani mwenyeji na nani mgeni. Kirusi akiingia wakati huo, wanamzoea, wanampisha njiani kama mtoto wa nyumbani. Ukubwani ndipo wanapozinduka, na wakizinduka ni kuchelewa. Kwa hiyo niliyekuwa hoi kitandani nilikuwa napona, na yule aliyekuwa anakimbiza kuku ndiye aliyekuwa mgonjwa. Nilimtazama mdogo wangu kwenye shuka la hospitali nikataka kumwomba radhi, wala sijui kwa kosa gani.

"Mlipokuwa wadogo," daktari aliuliza, "kulikuwa na wembe wa pamoja? Kuchanjwa, labda?"

Wembe nimeshika kila siku ya maisha yangu, ndio ninaofumulia nguo za watu. Lakini aliposema vile nilikumbuka wembe mwingine.

Mama alipokufa, wazee wa ukoo walisema watoto wazindikwe, lililomchukua mama lisiwapitie na wao. Shangazi ndiye aliyetuchanja. Alitupanga uani sisi na watoto wa baba zetu wadogo, dawa nyeusi imechanganywa na mafuta ndani ya kibuyu, na wembe mpya kabisa. Akaufungua karatasi yake mbele yetu tuone. Tulikuwa Wakristo wa Moravian, Jumapili tunaimba kanisani, na hakuna aliyeona tatizo. Mdogo wangu alipoona wembe alilia akajiviringisha kwenye vumbi. Shangazi akachutama mbele yake. Akajichanja yeye mwenyewe kwanza, kifundoni mwa mkono, mara mbili, damu ikachuruzika, naye anacheka. "Tazama, baba'ngu. Haiumi. Imeniuma mimi? Haiumi." Mtoto akanyamaza kwa mshangao. Akamchanja yeye, kisha mimi, kisha wengine.

Ulikuwa wembe mpya. Hilo nililikumbuka kwa furaha kwanza, na kabla sijalisema furaha ikaniganda mdomoni.

"Nani alitangulia kuchanjwa?" daktari aliuliza.

"Sikumbuki," nikasema.

Mdogo wangu aliacha kutazama dari. "Shangazi ndiye aliyetuchanja," alisema.

"Si kosa lake, baba. Watu wengi walichanjwa hivyo. Hakuna aliyejua."

Lakini alikuwa amekwisha geukia ukutani. Daktari aliongea tena habari za vidonge vya kuvizuia virusi visizaliane, na habari za kuwapima watoto wake, na yeye akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayengoja mgeni aondoke.

Asubuhi yake nilitoka kutafuta ndizi zilizoiva. Niliporudi nilimkuta ameketi, simu sikioni, sauti imerudi ile ya zamani.

"Ni yeye," alikuwa anamwambia mwanawe mkubwa. "Mganga alisema, na daktari amesema. Wembe wake. Mnasubiri nini?"

Nilimpokonya simu, ikawa imeshakatwa. Hakuona haya. Nilitaka kumpiga, nikamtazama, sikuona mahali pa kupiga.

Basi lilinifikisha Urambo, pikipiki ikanichukua kutoka hapo. Njia yote napiga simu, hakuna anayepokea, na kijiji kizima kisichopokea simu kina shughuli moja. Barabara ile inafuata njia ya zamani ya misafara. Babu zetu wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani, na walipofika katika nchi ya watu wasiowajua walichanjana wakachanganya damu ili wawe ndugu, wapate kulala bila kuchinjwa. Nikiwa juu ya pikipiki, mchanga unanipiga machoni, niliwaza kwamba labda kitu hiki kilitembea na sisi kutoka huko. Tulikichanja ndani yetu kwa ajili ya amani, kisha kwa ajili ya kinga, kila mara kwa nia njema. Nikamwambia dereva aongeze mwendo, akaniambia, "Mama, ukitaka kufa panda peke yako."

Niliwasikia kabla sijawaona. Jua lilikuwa utosini. Shangazi alikuwa chini mbele ya mlango wake, kitenge kimechanika, mkono wa kushoto umekunjika mahali pasipo na kiungo. Mdomo ulikuwa damu tupu. Waliomzunguka nawajua wote kwa majina ya utotoni, wengi wao aliwapakata, wengine aliwakata vitovu. Hakulia. Alikuwa amefumba macho yale mekundu na kila fimbo ilipotua alitoa pumzi tu. Mtoto mkubwa wa mdogo wangu alikuwa na mpini wa jembe, ameuinua.

Nilijitupa juu ya shangazi. Mpini ulinipata begani, nikasikia mfupa ukilia ndani ya sikio langu. Mpaka leo nikizungusha gurudumu la cherehani bega hilo linanikumbusha.

"Ondoka, shangazi!" kijana alinipigia kelele. "Ondoka juu ya mchawi!"

"Nipige basi! Nipige tena, mbwa wewe! Huyu alimlea baba yako!"

Kamanda wa sungusungu, mtu mzima mwenye mvi, alipuliza filimbi. Wakanyamaza, si kwa huruma, kwa utaratibu. Kwetu hata kuua kuna utaratibu.

"Mama, wewe umetoka hospitali," aliniambia. "Sisi si wanyama. Tunataka neno la daktari. Daktari amesema ni wembe wa bibi huyu, au hakusema?"

Macho yote yalikuwa kwangu. Chini yangu nilihisi mbavu za shangazi zinapanda na kushuka. Ukweli ule ambao binti wa hospitali alitupa ili utuponye nilikuwa nao mdomoni, na ningeutamka, ungemmaliza yule mwanamke pale pale. Nikatafuta mtu mwingine wa kumpa. Nikatafuta asiyeweza kuumia.

"Daktari amesema ni baba," nikasema. "Baba yetu. Alikuwa na ugonjwa huo, akamnyoa mtoto kichwa kwa wembe wake wa ndevu. Ndiyo ukaingia. Bibi yenu hana lolote."

Niliwaza, marehemu hapigwi.

Fimbo zilishuka. Wengine walianza kutazama chini, mmoja akatafuta kofia yake. Nilidhani yamekwisha. Lakini kijana mwenye mpini alikuwa bado anahema, hasira imempanda na haina pa kushukia. Nimewahi kuona ng'ombe dume katika hali hiyo.

"Kwa hiyo babu ndiye aliyemshika baba," alisema. "Basi amwachie!"

Kaburi la baba liko nyuma ya bani la kwanza, limejengewa saruji, lina msalaba tulioupaka rangi nyeupe sisi wenyewe. Walikwenda wote, kama maji. Waliung'oa msalaba wakaupiga chini. Wakashuka na majembe juu ya saruji, wanapiga na kutukana, "Mwachie! Mwachie mwanao!" vipande vinaruka. Kamanda hakupuliza filimbi. Na shangazi, ambaye hakutoa sauti alipokuwa anapigwa yeye, alipiga ukelele uliowafukuza ndege kwenye mashamba. Alijivuta kwa mkono mmoja kwenye vumbi mpaka pale, akilia, "Kaka yangu! Jamani, kaka yangu!" Nilimvuta miguu nimrudishe, akanipiga teke.

Nilimfikisha Urambo wakamfunga mkono kwa plasta ngumu. Hakusema nami mpaka muuguzi alipotoka.

"Kaka yangu hakuwa na wembe wa ndevu," alisema. "Hakuwa na ndevu. Tulikuwa tunamcheka."

Vijana wale hawakumwona babu yao akiwa hai, nami kwa haraka ya uongo nilisahau.

"Nilitaka kukuokoa," nikasema.

"Kwa kumzika kaka yangu mara ya pili? Umemsingizia nani ili umfiche nani?"

Alinigeuzia mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa umevimba mistari.

Mdogo wangu alikufa asubuhi niliyorudi Tabora, mvua imetoka kunyesha. Nilipofika kitandani alinishika kiganja kwa nguvu ambazo sikujua zimebaki.

"Wamemmaliza?"

"Yu hai."

"Basi mtanizika mimi," alisema, na hapo koo likafunguka. Damu ilitoka nyingi, nyeusi na nyekundu pamoja, ikanijaa kifuani, ikajaa shuka, ikafika sakafuni, naye ananitazama kwa mshangao ule ule wa mtoto aliyeoneshwa kwamba wembe hauumi. Daktari na wauguzi walipigana naye na kwa ajili yake. Hawakushinda. Mtu aliyepiga wote alikufa kwa kipigo kilichotoka ndani, na waliompiga walidhani wanamtetea.

Tulimzika kando ya baba. Msalaba wa baba ulikuwa bado umelala majanini, hakuna aliyeugusa, na mchungaji aliomba kana kwamba hauoni. Shangazi hakuruhusiwa kukaribia. Alikaa mlangoni kwake na mkono wake mweupe wa plasta.

Daktari alikuwa amenisisitiza niwapeleke wajane na watoto, nami niliwapeleka kwa kuwaburuta. Wadogo walikuwa salama. Wamezaliwa siku hizi ambapo mtoto mchanga anachanjwa kliniki kwa sindano ya kuwafundisha askari wake mapema sura ya adui. Wasio na kinga wakachomwa zao. Yule mkubwa, mwenye mpini, alizaliwa kabla ya chanjo hiyo, na shangazi alimzindika na yeye utotoni, kwa mtindo ule ule. Alikuwa na virusi. Ini lake bado zima, alisema daktari, na kwa vidonge na kupimwa anaweza kuzeeka. Kijana hakusikia neno kuzeeka. Alitoka nje akaupiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachanika.

"Babu ameniachia na mimi," alisema.

Shangazi nilimpeleka Tabora peke yake, siku ya kukatwa plasta. Nilimwambia wanataka damu kidogo waone kama mfupa umeunga. Huo nao ulikuwa uongo, nilikuwa nimeshauzoea. Majibu yalikuwa kama nilivyoyajua. Alikuwa navyo, pengine tangu tumboni mwa mama yake, na mwili wake haukuwahi kuvipiga vita vikali. Waliishi pamoja, yeye na virusi vyake, kila mmoja na chumba chake. Ini la mzee yule lilikuwa afadhali kuliko la mjukuu wake.

Tulikaa kwenye benchi nje, watu wanapita na mabeseni.

"Sasa niambie," alisema. "Ulikuwa unamficha nani?"

Nilimwambia. Sikulipaka asali, maana lile nililolipaka asali nilikuwa nimeona lilikokwenda. Nilimweleza askari, mgeni, mtoto asiyejua kutambua, na wembe. Alisikiliza akiwa amekishika kifundo cha mkono wake, pale penye chale mbili za zamani, anazisugua kwa kidole gumba.

"Ulikuwa wembe mpya," alisema.

"Ndiyo."

"Nilianza na mimi ili asilie."

"Najua, shangazi."

Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa. Kisha akajifuta na ncha ya kitenge.

"Kwa hiyo kaka yangu amevunjiwa msalaba kwa ajili yangu. Nipeleke nyumbani."

Nilijua anachotaka. Nilimsihi njia nzima. Nilimwambia watamuua, nikamwambia kijana naye ni mgonjwa sasa na amechanganyikiwa, nikamwambia hana kosa, daktari amesema hana kosa. Nilimtukana hata. Alitazama dirishani mashamba ya tumbaku yakipita.

"Kosa sina," alisema tulipoikaribia Urambo. "Kaka yangu naye hana. Tofauti ni kwamba mimi nina mdomo."

Siku ya arobaini, ya kuanua matanga, ukoo wote ulikuwa uani, mchana, vyungu vinachemka. Vijana walikaa upande mmoja. Shangazi alitoka nyumbani kwake akapita katikati ya watu, na watu wakajikunja kumpisha wasiguswe na nguo yake. Nilimfuata hatua kwa hatua. Nilikuwa nimeficha mchi ndani ya kitenge changu, na nilikuwa tayari kumpasua kichwa mtoto wa ndugu yangu mbele ya mchungaji.

Alisimama mbele yao, mkono uliovunjika umepinda kidogo, hautanyooka tena.

"Shangazi yenu aliwadanganya," alisema. "Alidanganya ili msiniue. Babu yenu hakuwa na ugonjwa wala ndevu. Ninao mimi. Baba yenu nilimchanja kwa wembe nilioanza kujichanja mwenyewe, sikujua. Na wewe," akamwonesha mkubwa kwa kidevu, "nilikuchanja vile vile. Ulilia. Nilikuonesha kwamba haiumi. Mkitaka kunipiga, nipo. Lakini kaka yangu msimamishieni msalaba wake kwanza."

Kijana aliinuka. Vidole vyake vilikuwa na makovu mapya ya ukuta. Alikwenda ukutani kwenye majembe, akachukua moja, akaja nalo. Nilitoa mchi. Alinipita. Akampita na bibi yake bila kumtazama, akaenda nyuma ya bani, akaanza kuchimba penye kaburi la babu yake, anachimba kwa hasira ile ile, udongo unamrukia usoni, analia kwa sauti kubwa kama mtoto.

Shangazi alimfuata. Aliinama akaunyanyua msalaba kutoka majanini kwa mkono wake mzima, akausimamisha shimoni, akaushikilia.

"Chimba zaidi," alimwambia. "Usije ukaanguka tena."